Usukani na Sheria: Tochi, kibao cha 50 na elfu thelathini

Msimu wa korosho ukifunguka, malori huongezeka kati ya maghala ya Masasi, Newala na Tandahimba na bandari ya Mtwara, na barua kuhusu tochi, mashine ya trafiki ya kupima mwendo, huongezeka nazo. Tumechagua zile zinazogusa watu wengi. Kama barua yako haimo, soma majibu ya wenzako kwanza, huenda jibu lako limelala humo.

Nimepigwa tochi nje ya kijiji

*Ndugu wahariri, naendesha Noah kati ya Masasi na Mtwara mara mbili kwa wiki. Juzi nimepigwa tochi nikiwa nimekwisha kuiacha nyumba ya mwisho, mita kama 200 nyuma yangu. Askari anasema bado nilikuwa ndani ya 50. Ni halali hiyo? — Dereva wa Noah, Masasi*

Ni halali, kama hukuwa umekifikia kibao cha kumaliza. Kibao cha duara chenye ukingo mwekundu na namba 50 kinaanza kazi pale kiliposimama, hata kama nyumba ya kwanza iko mbele sana. Kinakoma kwenye kibao cheupe cha duara chenye mistari myeusi ya mshazari. Katikati ya hivyo viwili, mwembe, duka la mwisho na shamba la mihogo si mipaka. Madereva wengi wa huku hukamatwa kwenye kipande hicho hicho ulichokitaja, kwa sababu jicho likishaona kichaka mguu hukandamiza wenyewe, na trafiki anaijua tabia hiyo kuliko wewe unavyoijua.

Hebu tupige hesabu ya hizo mita 200. Kwa 50 unazimaliza kwa sekunde 14 na kitu. Kwa 80 unazimaliza kwa sekunde 9. Umenunua sekunde 5 kwa faini ya shilingi 30,000.

Barabara ya Mingoyo hadi Masasi ina tabu yake: Mtama, Nyangao, Ndanda na vijiji vilivyo kati yake vimefuatana, dereva hatoki kimoja vizuri kabla hajaingia kingine. Upande wa Kilwa tabu ni nyingine. Mtu katembea pori refu baada ya Nangurukuru kwa mwendo mkubwa, akifika kijijini anapunguza hadi 70, na mwili wake unamwambia anatambaa. Mwili umeshazoea kasi, hauwezi kuwa shahidi. Tazama mshale.

Vibao navyo hung'olewa, vingine huishia kwenye vyuma chakavu, vingine hugongwa na malori. Kama kibao cha mwanzo hakikuwepo kweli, rudi siku hiyo hiyo upige picha ya mahali penyewe pamoja na nguzo ya kilomita iliyo karibu. Hiyo ni hoja ya kwenda nayo kituoni. Maneno matupu ya "sikukiona" hayamsaidii mtu. Na kibao cha mwisho kikikosekana, endelea na 50 mpaka makazi yaishe kabisa.

50, 80 au hakuna mwisho?

*Mwalimu wangu wa udereva anasema mwisho ni 80. Shemeji yangu mwenye gari dogo anasema nje ya mji hakuna mwisho. Nani mkweli? — Mwanafunzi, Lindi*

Kila mmoja ameshika kipande. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo ni ya mwaka 1973, inaweka mambo haya kwenye kifungu cha 51. Ndani ya maeneo ya makazi, magari yote ni kilomita 50 kwa saa. Nje ya makazi, gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 lisivuke 80. Kwa gari dogo nje ya makazi sheria hiyo haikutaja namba, na wadau wa usalama barabarani wamekuwa wakililalamikia pengo hilo kwa miaka. Lakini shemeji asifurahi mapema. Kibao kilichowekwa barabarani kinambana, na hata pasipo kibao kuna kosa la kuendesha kwa hatari au bila uangalifu, ambalo halihitaji namba. Anayepita kona kwa 120 mvua inanyesha anaweza kushtakiwa kwa hilo.

Wengi hukosea kwenye hizo kilo 3,500. Uzito unaohesabiwa ni ule wa juu unaoruhusiwa, gari na mzigo wake kwa pamoja, hata siku gari likiwa tupu. Utaukuta kwenye kadi ya gari. Coaster imo ndani ya 80. Canter nyingi zimo. Noah haimo, na Hiace nyingi hazimo, ila ukibeba abiria kwa leseni ya usafirishaji una masharti mengine juu ya hayo.

Vibao vya muda vya mafundi wa barabara, vile vya 30 au 50 kwenye michepuko kama iliyowekwa baada ya mafuriko ya 2024 kukata barabara ya Kilwa, vina nguvu ile ile ya vibao vya kudumu. Havikuwekwa kama ombi.

Tochi inasema 57, dashibodi 50

*Shikamooni wahariri. Nilikuwa 50 kamili, mshale nimeuona kwa macho yangu. Tochi ikaonyesha 57. Nikaonyeshwa picha kwenye simu ya askari, picha ambayo hata hakupiga yeye. Je, mashine hizi zinadanganya? Na nina haki gani? — Fundi wa umeme, Mtwara mjini*

Marahaba. Barua yako ina maswali matatu, tuyachukue moja moja.

Kwanza mashine. Tochi inayotumika sana sasa ni ya mwanga wa leza, yenye kamera ndani yake. Inarusha mapigo mengi ya mwanga yasiyoonekana, inapima kila pigo limechukua muda gani kwenda na kurudi, na kutokana na umbali unavyopungua inapata mwendo. Kazi yote haimalizi sekunde moja. Mwale wake ni mwembamba: mita 300 kutoka ilipo, doa lake ni kama upana wa mita moja, kwa hiyo askari anaweza kuchagua gari moja katika msururu. Rada ya zamani inatawanya mawimbi. Umbali huo huo imefunika upana wa zaidi ya mita 50, na hapo ndipo gari lako lingeweza kubebeshwa mwendo wa basi linalokupita.

Askari akisimama pembeni sana ya barabara, akapima kwa pembe, namba inayotoka ni ndogo kuliko mwendo wako wa kweli. Kwa pembe ya nyuzi 20, gari la 60 husomeka kama 56. Pembe inakupunguzia, haikuongezei. Kinachoweza kuharibu kipimo cha leza ni mkono kuyumba, mwale ukateleza juu ya bodi la gari badala ya kutulia kwenye namba au taa. Mashine nzuri hukataa kutoa namba ikiona mapigo hayakubaliani.

Pili, dashibodi. Kiwango cha kimataifa, Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa, kinataka spidomita isionyeshe kamwe pungufu ya mwendo halisi. Kuzidisha kunaruhusiwa, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ndiyo maana gari lililotoka kiwandani likionyesha 50, mara nyingi kweli yake ni 46 au 47. Sasa yako imekwenda kinyume, na sababu ya kwanza ya kuitazama ni matairi. Spidomita inahesabu mizunguko, haijui ukubwa wa tairi. Gari la tairi 195/65 R15 likivishwa 205/70 R15 ili lipande juu kwa ajili ya barabara za vumbi, kipenyo kinaongezeka kutoka milimita 634 hadi 668, asilimia 5 na ushee. Mshale ukisema 50, wewe uko karibu 53. Ukiongeza spidomita iliyochokonolewa na fundi, au gia boksi iliyotolewa gari jingine, 57 haishangazi.

Pima mwenyewe: weka programu ya GPS kwenye simu, shika mwendo mmoja kwenye kipande kilichonyooka kwa nusu dakika, mtu mwingine asome simu, wewe usome barabara. Usipime kwenye kona wala chini ya miti mizito. Ukishajua tofauti, bandika karatasi ndogo pembeni ya dashibodi, kwa mfano: "kweli 50 = mshale 46".

Tatu, picha. Kazi hii hufanywa na askari wawili. Mmoja anapima, mwenzake yuko mbele kilomita moja au zaidi, anapokea picha kwenye simu na kukusimamisha. Utaratibu huo wenyewe si kosa. Wewe omba kuiona, kwa heshima na bila kushuka na mdomo, kisha kagua vitu vitano: namba ya gari ni yako, herufi kwa herufi, tarehe na saa ni za leo, za dakika chache zilizopita, mwendo uliopimwa, kikomo kilichowekwa kwenye mashine, kama ni 50 na mahali penyewe ni pa 50, na alama ya kulengea iko juu ya gari lako, haiko juu ya la nyuma yako. Kimoja kikipishana, kitaje hapo hapo kwa utulivu. Picha ya jana, au ya gari la rangi kama yako, haikuhusu.

Kuhusu askari kukaa nyuma ya kichaka: kunakera, na hata viongozi wa serikali wameshakukemea hadharani. Lakini kujificha kwake hakujapunguza mwendo wako, na hoja hiyo peke yake haitakutoa. Wale wanaowashiana taa kuonyana nao wajue trafiki siku hizi huweka tochi ya pili mbele ya ile ya kwanza, kwa ajili ya mtu anayekanyaga mafuta akidhani ameshapita salama.

Bodaboda kuandikiwa elfu thelathini

*Nimekamatwa na bodaboda yangu Mikindani, nimeambiwa faini 30,000. Sina hiyo hela. — Kijana wa boda, Mikindani*

Kaka, kwa pikipiki na bajaji faini ya papo kwa papo ilishushwa hadi shilingi 10,000 kwa kosa, tangu Julai 2021, bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22. Shilingi 30,000 ni za magari. Angalia karatasi iliyotoka kwenye mashine: kama aina ya chombo imeandikwa vibaya, rudi kituoni irekebishwe kabla hujalipa. Ila hesabu ni kwa kosa moja. Mwendo kasi, abiria asiye na kofia ngumu na mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) vikikutana siku moja, ni makosa matatu.

Nilipeje, na nikikataa?

*Askari aliniambia nimpe 10,000 niondoke. Nilimpa. Rafiki yangu ananiambia nimefanya kosa kubwa kuliko la mwendo. — Mfanyabiashara wa samaki, Kilwa*

Rafiki yako ni wa kumsikiliza. Kutoa na kupokea rushwa vyote ni jinai, na pesa ile haikukufutia kitu, kesho unaweza kusimamishwa tena. Utaratibu ni huu. Askari anaingiza namba ya gari na ya leseni kwenye mashine ya mkononi, inatoka karatasi yenye kosa, kiasi, na namba ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoitwa mitaani kontroli namba. Unalipa kwa simu au kwa wakala wa benki, jina la mlipwaji linajitokeza kabla hujathibitisha. Fedha taslimu haishikwi na mkono wa askari. Hakuna karatasi, hakuna namba, hakuna malipo.

Una siku 7. Zikipita, deni huanza kuongezeka, na gari likisimamishwa likiwa na deni la zamani unaweza kuzuiliwa hadi ulipe. Kujua kama unadaiwa, fungua tms.tpf.go.tz, weka namba ya gari, au ya leseni, au ya kumbukumbu. Fanya hivyo kila mwezi kama gari lako linaendeshwa na mtu mwingine. Wenye magari ya kukodisha hujuta wanapoona madeni saba ya dereva aliyekwisha kuhama kwenda Songea.

Kulipa ni kukubali kosa. Una haki ya kukataa, na ukikataa jambo linakwenda mahakamani. Sema mapema, kabla ya kulipa. Anza kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, ukiwa na picha zako na nguzo ya kilomita. Mengi huishia hapo. Mahakamani usiende kwa hasira tu: siku mbili tatu za kazi, nauli ya Kilwa Masoko na kurudi, na ukishindwa hukumu haifungwi na ile 30,000. Mahakama ina uwezo hata wa kusimamisha leseni. Kama ushahidi wako ni mzuri, nenda. Kama ni kwamba tochi ilikukera, lipa.

Gari la mkononi lenye madeni

*Nimenunua gari Nachingwea, nimekuta lina faini nne. Ni zangu? — Muuguzi*

Si makosa yako, lakini mfumo umeyafunga na namba ya gari, na barabarani atakayesimamishwa ni wewe. Mrudie muuzaji na mkataba. Anayetaka kununua afungue tms.tpf.go.tz mbele ya muuzaji kabla pesa haijatoka mfukoni, kiasi cha madeni kikatwe kwenye bei, na baada ya kulipa uhamisho wa umiliki TRA usicheleweshwe.

Basi la usiku linakimbia

*Nasafiri Dar es Salaam hadi Mtwara kwa basi la usiku. Kuna kengele ililia njia nzima toka daraja la Mkapa, dereva akaweka muziki juu zaidi. Ni kengele ya nini? — Mama mwenye genge, Chikongola*

Mama, hiyo inawezekana sana kuwa ni kengele ya mwendo. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwenendo, maarufu kama VTS, kinachotuma mahali basi lilipo na mwendo wake kwa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Likipita 80, kengele inalia na tukio linaandikwa. Dereva naye anatakiwa ajitambulishe kwa kitufe chake maalumu kabla ya kuondoka, ili ijulikane kilomita zile za mwendo kasi ni za nani, maana zamani madereva wawili walikuwa wakisukumiana. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, kifaa hiki kimekuwa macho ya kwanza, kwa kuwa tochi ya barabarani usiku haionekani mara nyingi.

Wajanja hukata waya wa umeme au kuficha antena. Hilo nalo huonekana, kwa sababu basi linapotea kwenye ramani Somanga na kuibuka Mingoyo mapema mno.

Wewe abiria fanya hivi. Washa GPS ya simu usome mwendo, usikisie kwa mtikisiko. Andika namba ya usajili wa basi, saa, na jina la kijiji mlichopita. Piga namba ya bure ya LATRA iliyobandikwa ndani ya basi, au polisi 112. "Basi la bluu linakimbia" haifanyiwi kazi. "Namba fulani, 102, saa 8:40 usiku, tumetoka Nangurukuru" inafanyiwa kazi. Kama unaogopa kusikika, iandike kwenye ujumbe umpe mtu aliye nyumbani apige yeye.

Tunataka matuta mbele ya shule

*Shule yetu iko kando ya barabara kuu karibu na Mtama. Wazazi wanataka kumwaga kifusi wenyewe watengeneze tuta. — Mwalimu*

Wazuie, Mwalimu. Tuta la kienyeji lisilo na rangi wala kibao linaua bodaboda usiku, na aliyelimwaga atatafutwa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na mitaa chini ya TARURA. Yenu ni ya TANROADS. Barua itoke serikali ya kijiji ikiwa na muhtasari wa mkutano, ipitie kwa mtendaji wa kata na halmashauri, iende kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa mkuu wa usalama barabarani.

Msiandike "tunaomba matuta" peke yake. Andikeni idadi ya wanafunzi wanaovuka, saa za kuvuka asubuhi na mchana, ajali na tarehe zake, na vibao vilivyopo au visivyokuwepo. Ombeni vitu kwa mpangilio: vibao vya shule na vya 50 pande zote mbili, kivuko cha pundamilia kilichopakwa rangi, matuta madogo ya kutetemesha kabla ya kivuko, kisha tuta kubwa.

Na kwa wanaouliza kwa nini 50 na si 80, hesabu ni hii. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja na nusu hupita kabla breki hazijashika. Kwa 50 kwenye lami kavu gari husimama baada ya mita 35 hivi, kwa 80 mita 69. Yaani mahali ambapo wa 50 amekwisha kusimama, wa 80 ndiyo kwanza breki zinaanza kushika.

Nilikuwa nampeleka mke wangu hospitali ya Ligula

*Mke wangu alishikwa na uchungu usiku, nikapita 85 mjini. Nimeandikiwa. Dharura haihesabiki? — Baba wa mtoto wa kwanza, Mtwara*

Hongera kwa mtoto. Unafuu wa mwendo ni wa magari ya dharura, yaani ya wagonjwa, ya zimamoto na ya polisi, yakiwa kazini. Gari lako binafsi halimo, hata likiwa na mgonjwa. Askari anaweza kutumia busara, na kadi ya kliniki yenye tarehe na saa ya kupokelewa hospitali ni ya kuonyesha kituoni au mahakamani ili upunguziwe. Ukisimamishwa katika hali hiyo, washa taa zote za dharura, fungua kioo, useme neno moja, "mjamzito". Wengi watakutangulia kwa pikipiki. Na kwa mimba ijayo hifadhi namba 115 kwenye simu, ya mfumo wa m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito. Haikatwi salio, na gari linalotumwa linajua njia.